Nimeonja, Nimekubali

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na daftari hili nimelianza leo, kwa sababu nimechoka kubishana na watu wasiokumbuka walichosema. Kiwandani mtu anakuambia jambo Jumatatu, Ijumaa analikana mchana kweupe. Sasa nitaandika. Atakayekana nitamfungulia ukurasa.

Mimi ni mwonjaji. Miaka kumi na tisa naonja vinywaji vya kiwanda hiki kabla havijapakiwa. Kila bechi inayotoka mtamboni naletewa nusu kikombe. Nanusa, naonja, natema, napima kwa vifaa vyangu, kisha naandika namba ya bechi na chini yake natia sahihi. Bila sahihi yangu lori haliondoki. Ndiyo maana sina marafiki upande wa mauzo.

Nyumbani niko na Kinda, binti wa marehemu dada yangu. Shuleni ana jina lake, lakini mimi namwita Kinda tangu alipoletwa kwangu akiwa na miaka minne, mdomo wazi muda wote. Sasa ana kumi na saba, na mwezi wa tano ana mtihani wa mwisho. Moyo wake ukichokozwa unakwenda mbio, na daktari amemkataza kahawa na chochote cha kuamsha. Hajawahi kunisumbua kwa hilo. Nikisema hiki usinywe, hanywi, wala haulizi kwa nini. Katika dunia hii ya waongo nina mtu mmoja anayeniamini bila kudai ushahidi, na sitaki kumpoteza.

Jumatano, 5 Machi

Mvua kutwa. Fundi Mizani amechelewa kuleta vikombe. Huyu ndiye anayepima unga wa kila bechi kabla haujamwagwa mtamboni. Hazungumzi, anaandika tu kwenye kijitabu cha mfukoni. Mtu asiyezungumza ana la kuficha, au ana mke mwenye kelele. Nitachunguza.

Jumanne, 11 Machi

Wameajiriwa watu wapya wa matangazo. Kiongozi wao ni binti mwenye kucha ndefu kuliko subira yangu. Nitamwita Dada Matangazo. Aliingia maabara bila hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vaa kofia, nywele zako zitaingia kwenye vikombe."

Alivaa, akakaa, akanieleza kazi yake. Kunakuja kinywaji kipya cha kuamsha, Macho Kodo, kwa ajili ya wanafunzi na vijana wa vyuo. Lakini vijana, anasema, tangazo wanalipita kama hawalioni. "Kwa hiyo huwauzii, mama. Unawachekesha. Wakishacheka wanarushiana wenyewe kwenye simu. Na aliyekurushia ni rafiki yako, humshuku."

Hilo la humshuku lilinikaa sikioni.

Wakati anaongea nilikuwa naonja bechi ya maji ya chungwa. Ghafla akapiga kelele, "Mama! Hiyo sura!"

"Ipi?"

"Hiyo hiyo, usiibadilishe!"

Nikionja, jicho moja linafumba, la pili linahoji, na pua inajikunja kama imefunguliwa kabati la soksi. Sikuichagua sura hiyo, ni ya kazi. Akapiga picha. Nikamwamuru aifute, akaifuta mbele yangu. Nikamwambia anionyeshe na pale simu zinapoficha vilivyofutwa. Picha ilikuwepo, imetulia tuli. Akacheka. Simwamini mtu anayecheka akikamatwa.

Jumatano, 19 Machi

Meneja ameniita mwenyewe. Meneja ni mtu wa watu. Alipofariki dada yangu alikuja kuzika na akashika koleo kwa mikono yake. Kwake sina neno. Aliniomba nikubali sura yangu itumike. "Ni utani tu, dada yangu. Vijana wacheke kidogo."

Karatasi niliisoma mara tatu, mara ya tatu kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nikatoa sharti moja: sitasema kitu ni kizuri kama sijakionja. Meneja akasema, "Ndiyo maana tunakutaka wewe." Wakaleta Macho Kodo, bechi ya kwanza. Nikaonja, nikapima. Kitamu kupita kiasi, lakini safi, na dawa ya kuamsha ni kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye chupa. Nikasimama mbele ya kamera nikasema, "Nimeonja bechi namba moja. Nimekubali."

"Mama," akasema Dada Matangazo, "bila namba. Namba inaua utani."

Nikamweleza kwamba mwonjaji hakubali kinywaji, anakubali bechi. Ya leo ni ya leo. Ya kesho ataionja kesho. Kwetu sisi neno lisilo na namba ni sahihi kwenye karatasi tupu, kila mtu atajaza analotaka.

"Ni sekunde tatu tu, mama yangu. Nani atasikiliza namba?"

Watu walikuwa wanasubiri, taa zinaniunguza, Meneja ananitabasamia. Nikasema bila namba. Kisha wakanisomesha sentensi mia mbili zisizo na kichwa wala miguu, "Paka amelala juu ya meza," "Kesho ni mbali," eti wanapima maikrofoni. Nilishuku kitu. Nilishuku kwamba maikrofoni ni mbovu.

Alhamisi, 20 Machi

Ile namba inanikera.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekuwa mtu maarufu. Wamenipa jina Shangazi Shaka. Picha ya kwanza ni mimi nimenusa kikombe, maandishi juu yake: "Akikuambia yuko njiani, na unasikia maji ya kuoga." Ya pili: "Mtu akianza na 'nikuulize kitu, lakini usikasirike.'" Kila moja inaishia na mimi nimeshika chupa: "Nimeonja. Nimekubali." Wenyewe wanaziita mimu. Kinda amenionyesha ishirini na tatu, huku anajishika mbavu.

"Mama Mdogo, darasa zima linanipenda sasa kwa ajili yako. Wanasema ukiona hata Shangazi Shaka amekubali, hicho kitu si cha kuuliza."

Nami nilicheka, sitaki kusema uongo. Ile ya maji ya kuoga ni kweli kabisa, na namjua mtu.

Jumanne, 1 Aprili

Nimejiona nikicheza ngoma. Goti langu la kushoto haliruhusu hata ngazi. Kwenye video hiyo nazunguka, natikisa mabega, kisha nasema kwa sauti yangu, sauti yangu mwenyewe na kile kikohozi changu kidogo, "Wanangu, kusinzia ni ushamba!" Sijapata kusema hivyo maishani.

Nilikwenda ofisi ya matangazo bado nimevaa koti jeupe.

"Hiyo si wewe, mama," Dada Matangazo akasema kwa upole kabisa. "Ni akili mnemba. Tuliipa sura yako na zile sentensi mia mbili. Sasa ukiandika neno lolote, inalisema kwa mdomo wako."

"Nani anaandika?"

"Yeyote hapa mwenye neno la siri."

"Na hilo neno la siri wanalo wangapi?"

Akaanza kuhesabu kwa kucha zake, akarudia, akaacha. Mkono wa kwanza ulikuwa umekwisha.

Nikaenda kwa Meneja. Akanikalisha, akaniagizia chai, akasema niwe na amani, hakuna neno baya litakalowekwa mdomoni mwangu. Nikatoka nimetulia. Kwa mtu mwingine nisingetulia.

Jumanne, 8 Aprili

Sasa kuna Macho Kodo ya kijani, haina dawa ya kuamsha, ni kwa wanaotaka utamu tu. Nimeonja bechi ya tisa, nimepima mara mbili. Sifuri. Nimesaini.

Jioni Kinda akaniuliza. Wenzake wote wananunua duka lililo mkabala na shule, na yeye anakaa na chupa yake ya maji kama mlinzi. "Ya kijani je, Mama Mdogo?"

Nilikuwa nakuna nazi—hapana, niandike ukweli, nilikuwa nafua mikono imejaa povu, sikumtazama hata usoni. Nikamwambia, "Ya kijani haina neno, kunywa." Alinirukia shingoni na povu langu.

Alhamisi, 10 Aprili

Video mpya imezidi zote. Nawanyooshea vijana kidole, nafoka, "Wanangu, msinywe hiki! Nasema msinywe!" Kisha najificha nyuma ya mlango nagugumia chupa nzima. Mlinzi wa getini amenifanyia kidole hicho asubuhi. Na dereva. Na mwanamke nisiyemjua, kwenye foleni ya benki.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Ukuta wa maabara unatoa jasho. Nguo hazikauki.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilikuwa na haki ya kumshuku. Saa kumi na moja, watu wameshatoka, nimemkuta Fundi Mizani peke yake stoo, kopo la rangi nyekundu mkononi, anahamisha mifuko ya unga na kuichora.

"Unafanya nini?"

"Naweka alama."

"Alama za nini?"

"Za mvua."

Nikamwambia asinifanye mtoto. Akanitazama, akachovya brashi, akaendelea. Kuna wizi hapa.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemweleza Meneja. Amenishukuru sana. Kufikia mchana Fundi Mizani alikuwa ameondolewa stoo, amepelekwa uani kuhesabu kreti tupu. Mahali pake amewekwa kijana anayesoma kilichoandikwa kwenye mfuko na kupima, basi. Nimejisikia nimefanya kazi ya maana.

Jumanne, 22 Aprili

Utani mwingine. Sasa unaandika jina la rafiki yako kwenye ukurasa wa kampuni, na Shangazi Shaka anampelekea ujumbe wa sauti, anamkataza kunywa kwa jina lake. Kinda kapokea saba leo. Katika ujumbe mmoja namwita "mwanangu". Tulikuwa mezani, simu inanigombeza mtoto wangu kwa sauti yangu, na mimi nimekaa kimya nikitafuna. Yeye alicheka. Mimi niliondoa sahani.

Jumatatu, 5 Mei

Bechi ya kumi na nne, ya kijani. Nimeitia mdomoni nikaitema kabla sijafikiri. Chungu, chini kabisa ya utamu, uchungu ninaoujua. Nimepima mara nne. Dawa ya kuamsha imo, na imo mara tatu ya ile wanayoweka kwenye ile ya kawaida. Kwenye chupa iliyoandikwa haina!

Niliandika ISITOKE kwa herufi kubwa, nikaipeleka karatasi kwa Meneja mkononi. Aliisoma. Akasema wiki ya mitihani inakaribia, maduka yanapiga simu kila saa, mzaha wetu uko juu, ukipoa haurudi. Nikamwambia moyo wa mtu nao ukisimama haurudi. Akanishika bega. "Nimekusikia, dada yangu. Nenda kapumzike, tutaiangalia."

Nikaenda kupumzika. Mimi, ninayekagua mpaka pipa la taka la simu ya mtu, nilikwenda kupumzika.

Jumanne, 6 Mei

Naandika hapa hospitali, kwenye benchi, lakini nitaandika yote kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi nilifika kiwandani. Mahali palipokuwa na kreti za bechi ya kumi na nne palikuwa na sakafu iliyolowa. Karatasi yangu ilikuwa imebandikwa nyingine juu yake, na kwenye mstari wangu amesaini msaidizi wa Meneja. Msaidizi wa Meneja ana mafua ya kudumu, hatofautishi siki na maji. Malori yaliondoka alfajiri.

Nikapiga simu ya Kinda. Imezimwa, yuko darasani. Nikamtumia ujumbe wa sauti: "Kinda, mwanangu, usinywe Macho Kodo ya kijani. Bechi ya kumi na nne, namba iko kwenye kizibo. Mimi sikusaini. Usinywe, nakuomba." Kisha nikakodi gari mpaka shuleni, mvua inapiga kioo.

Nilifika saa nne na nusu, mapumziko. Duka lile lilikuwa limejaa wanafunzi, chupa za kijani kila mkono. Nikachukua moja, nikageuza kizibo. Kumi na nne. Nikapanda juu ya kreti nikapaza sauti, "Wanangu, msinywe hiki! Nasema msinywe!"

Nikakisikia nilichosema, nikaona nimekwisha.

Vichwa vikageuka. Halafu kicheko ambacho sijawahi kukisikia maishani. Simu zikainuka zote kwa pamoja. "Shangazi Shaka! Ni yeye! Yuko hai!" Nikawaambia ni kweli, ni sumu kwa mwenye moyo dhaifu, mimi ndiye mwonjaji, sikusaini. Wakazidi kucheka. Mmoja akaniomba nijifiche nyuma ya mlango ninywe, anirekodi vizuri. Muuza duka alikuwa anawafungulia chupa nyingine kwa mikono miwili. Nililia pale juu ya kreti kwa hasira, na binti mmoja akasema, "Aisee, analia kama mtu kabisa."

Ndipo msichana wa darasa la Kinda akatoka getini mbio, mvua inamnyeshea, akanivuta koti. "Mama, njoo. Kinda ameanguka."

Moyo ulikuwa unamwenda mbio hadi shati linaonekana linacheza. Hapa wamemwekea dripu na waya kifuani. Daktari anasema mapigo yameshuka, atapona, wamewahi. Alikunywa chupa mbili.

Nesi amenipa simu ya Kinda nimshikie. Ujumbe wangu aliusikiliza saa nne na dakika tano. Aliusambaza kwa darasa zima, na chini yake ameandika: "Jamani hii mashine noma! Imejua mpaka jina langu la nyumbani!"

Jumatano, 7 Mei

Fundi Mizani amekuja hospitali. Hakuleta maneno, ameleta kijitabu. Kumbe kila masika, unyevu unabandua lebo za mifuko, na wabebaji wa stoo wanazigandisha upya wanavyokumbuka. Unga wa kutia uchachu na unga wa kuamsha wote ni mweupe. Miaka minane mfululizo huyu mtu amekuwa akichora kila mfuko unapoingia tu, na kuandika, ili asije akategemea lebo. Mifuko ya Aprili ilikuwa katikati ya kuchorwa nilipomkuta; iliyobaki, aliyewekwa mahali pake akaipima kwa kusoma lebo.

"Kwa nini hukunieleza?"

"Nilikueleza. Nilisema za mvua."

Nilimwomba radhi. Nilisema maneno yote ninayoyajua. Akasema, "Mtoto apone kwanza." Jana mchana, mimi nikiwa hapa, yeye ndiye aliyewapigia watu wa viwango. Leo wanakusanya chupa madukani.

Nimemshuku yule anayelinda, nikaenda kumshitaki kwa yule anayebomoa, na huyo wa pili sikuwahi kumwandika kwa ubaya hata mstari mmoja humu. Nimerudi nyuma kurasa zote, nimehakikisha.

Ijumaa, 9 Mei

Kinda ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mwalimu wake anasema wanafunzi wengine watatu walitapika, hakuna aliyelazwa. Jua kidogo.

Jumatatu, 12 Mei

Kampuni imeomba msamaha, kwa kunitumia mimi. Nimekaa kwenye kiti ambacho sina, nimevaa koti langu, machozi yananilenga: "Samahani, wanangu. Nilionja vibaya. Kosa ni langu. Nimezeeka." Kisha natabasamu kidogo, wimbo unaingia. Watu wameguswa sana. "Tunakusamehe Shangazi!" wanaandika, maelfu kwa maelfu. "Angalau yeye amekiri."

Dada Matangazo alinifuata nyumbani, kucha ameshazikata. Anaapa hakuiandika yeye; Meneja aliiandika mwenyewe, Jumapili, sentensi nne, na kubonyeza. Alilia sana. Nilimtazama alivyolia, nikajaribu kujua kama ni kweli, na sikuweza. Alisema ameacha kazi. Nikampa kitambaa cha kufutia uso.

Watu wa viwango wanayo karatasi yangu ya ISITOKE, na ile yenye sahihi ya msaidizi. Kwao niko safi. Lakini karatasi haichekeshi, hakuna aliyeirushia mwenzake.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imekatika. Alasiri Kinda alikuwa amekaa dirishani, daftari la masomo mapajani, simu juu yake. Nikasikia sauti yangu ikiomba samahani, chini chini. Akairudisha mwanzo. Akaizima.

"Mama Mdogo, umeomba msamaha."

"Si mimi huyo."

"Na ule ujumbe wa kusema nisinywe?"

"Ule ni mimi."

Akafikiri. "Zinafanana."

"Najua, mwanangu."

"Wewe ndiye uliniambia ya kijani haina neno. Hiyo haikuwa simu. Ulikuwa unafua."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kumweleza yote. Fundi Mizani na rangi yake, nilivyokwenda kumshitaki, namba niliyoiacha mbele ya kamera na niliyoiacha tena kwenye beseni la kufulia. Nilifungua mdomo. Nikaona maelezo yangu yalivyo marefu, na yanavyoanza na neno samahani, nikaogopa atasikia ile nyingine.

"Niambie tu," akasema. "Ulisaini, hukusaini?"

"Sikusaini."

"Kwa hiyo huna kosa."

"Sikusaini, Kinda."

Akaondoa simu juu ya daftari.

"Sawa, Mama Mdogo," akasema, akarudi kwenye daftari lake.

Naijua sawa hiyo. Ndiyo ninayowapa madereva wakiniambia chupa zilivunjika njiani.